"Nataka kujua kitu kimoja tu, mwanangu atatembea?"

Swali nimelifupisha lakini maneno ni ya mama mwenyewe: "Dada naomba unisaidie, niko Tanga mjini. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 3, alipozaliwa alichelewa kulia akawekwa kwenye oksijeni siku nne, wakaniambia atakuwa nyuma kidogo. Mpaka leo hatembei, hatambai, ukimkalisha anakaa kidogo kaegemea mikono yake mbele alafu anaanguka. Anasema mama na ba basi. Kula anakula uji tu, namlaza mapajani namnywesha ingawa anapaliwa paliwa. Mazoezi nilimpeleka mara sita nauli ikanishinda. Mume wangu anasema tusubiri, hata yeye alichelewa. Mama mkwe anataka tumpeleke Pangani akafukiwe mchangani, jirani anasema akatwe udata ndo ataongea. Nina binti wa miaka 6 naye siku hizi kawa mkorofi hatari. Nataka kujua kitu kimoja tu, atatembea?"

Mdogo wangu pole. Mesej yako nimeisoma mara tatu maana kuna kitu umekitaja ukakipita mbio kama vile hakina uzito, na mimi ndo kimenikosesha raha kuliko hiyo miguu, ntakirudia. Mi ni mtu wa tiba kwa vitendo, wengi wanatuita watu wa oti, tunamfundisha mtoto kula, kuvaa na kucheza mwenyewe, watoto kama wako ndo nashinda nao kila siku. Ila mwanao sijamshika kwa hiyo haya ni ya kukusaidia uende hospitali unajua cha kuuliza, sio ya kukufanya ubaki nyumbani.

Haya, atatembea? Sisi tukiulizwa hivyo huwa tunajibu "tuendelee na mazoezi mama, Mungu mkubwa" na mzazi anarudi nyumbani na kile kile alichokuja nacho. Kuna kitu huwa tunakiangalia kimya kimya na sioni kwanini tukufiche, tunaangalia kukaa. Mtoto ambaye ubongo ulipata shida kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, akiweza kukaa chini mwenyewe bila kujishikilia na mikono kabla hajatimiza miaka 2, wengi wa namna hiyo wanakuja kutembea, wengine kwa kuchelewa, wengine kwa fimbo. Akifika miaka 4 bado hawezi kukaa hivyo, basi kutembea bila kushikwa inakuwa nadra sana. Wako yuko katikati hapo. Inawezekana, ila sio kitu mtu mzima na akili zake akuahidi. Tena kuna kingine hujaniambia, shida iko mwili mzima au upande mmoja? Maana wale ambao ni mkono na mguu wa upande mmoja tu karibu wote wanatembea, lakini ikiwa mikono yote miwili, miguu yote miwili na shingo nayo bado inayumba, safari ni ndefu zaidi.

Ningekuwa mimi ningeacha kwanza habari ya kutembea kwa mwaka huu mmoja. Najua inauma kusikia, lakini nimeona familia nyingi zinafanya miguu ndo mtihani, kwamba akishatembea ndo tutamfundisha kula mwenyewe, akishatembea ndo tutamtoa nje acheze, akishatembea ndo tutaulizia shule, na miaka inaenda, mtoto ana miaka 6 hatembei na hayo mengine yote hajafundishwa kwa sababu yalikuwa yamepangishwa foleni nyuma ya miguu. Uliza kukaa. Akikaa vizuri mikono inakuwa na kazi ya kufanya, anashika, anapeleka mdomoni, anakuonyesha anachotaka, anamwona dada yake usoni badala ya kutazama bati siku nzima.

Sasa mumeo. Mwambie kwa upole maana wanaume wengi hili la "tusubiri" ni woga tu wala sio ubishi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto 816 wazima wa afya huko Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, kukaa bila msaada hata wale wa mwisho mwisho kabisa walikuwa wamekaa wakiwa na miezi 9 na kidogo, na kutembea wenyewe wa mwisho walikuwa kwenye miezi 17 na nusu hivi. Kwa hiyo kama baba alichelewa akatembea na mwaka na nusu, huyo alichelewa kweli kama watu wanavyochelewa. Miaka 2 na miezi 3 bila kukaa ni jambo lingine kabisa na yeye hajawahi kulipitia. Na kusubiri kuna gharama yake, Canada walifuatilia watoto zaidi ya 600 wenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia mapema ukawa hauongozi mwili vizuri, wakatoa matokeo 2002, ikaonekana sehemu kubwa sana ya uwezo wa kujongea, kama asilimia 90 hivi, mtoto anakuwa ameshaipata kabla ya miaka 5, na wale wenye hali nzito wanaifikia mapema zaidi, hata kabla ya miaka 3. Yaani muda mwanao anaojifunzia vizuri kuliko wote ndo huu mnaokaa mnausubiri upite.

Nimetaja mtindio wa ubongo. Sijasema ndo anao, ila kuchelewa kulia, oksijeni siku nne, na hivi alivyo sasa, ningeshangaa daktari wa watoto asiulizie. "Atakuwa nyuma kidogo" sio jina la tatizo, na bila jina kwenye karatasi huwezi kupewa rufaa ya maana wala huwezi kumnyamazisha shangazi anayesema ni laana ya ukoo. Nenda pale Bombo, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, omba kumwona daktari wa watoto na sio mazoezi peke yake, beba kadi ya kliniki na kile kikaratasi cha kuzaliwa kama unacho, na useme "nataka nijue mwanangu ana nini, muandike". Kwa sera mtoto wa chini ya miaka 5 anatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo mzigo wako mkubwa ni nauli. Waulize pia eksirei ya nyonga, hasa kama miguu inakakamaa na kukatana kama mkasi ukimvalisha nepi, maana mtoto asiyesimama nyonga zinaweza kuhama taratibu bila mtu kujua mpaka siku anaanza kulia kila ukimgeuza. Na kama kuna siku anatumbua macho, anakakamaa au kutetemeka upande mmoja, mwambie daktari hata kama ni sekunde chache, hiyo inaweza kuwa degedege na ina dawa, na dawa yake ikianza haikatwi ghafla kwa kuwa mtu kaja na mzizi.

Kile kitu ulichokipita ni uji.

Umeandika unamlaza mapajani unamnywesha na anapaliwa. Mdogo wangu hicho kiache leo leo, hata kabla ya Bombo. Najua ulivyofundishwa, bibi zetu walinywesha hivyo na wengine tulinyweshwa hivyo, lakini mtoto ambaye misuli ya koo haijapangika vizuri, ukimlaza chali chakula kinateleza kinaenda njia ya hewa. Wewe unaona kapaliwa kidogo kakohoa kapona, kumbe kila siku matone yanaenda mapafuni, alafu unashangaa kila mwezi ni nimonia na sindano. Si ajabu hata uzito hapandi, angalia mstari kwenye kadi. Tukiwa wakweli watoto wenye hali hii wengi kinachowaondoa ni kifua na njaa, miguu haijawahi kuua mtu.

Fanya hivi. Mkalishe wima, mgongo umeegemea kitu au kifua chako, kichwa kiko katikati na kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, kisitazame juu, jaribu wewe mwenyewe kumeza mate ukiwa umeangalia dari utanielewa. Uji upike mzito, ule ambao ukiinamisha kijiko unadondoka kwa kujivuta na sio kuchirizika kama maji. Kijiko kidogo kisicho na shimo refu, mpelekee kutokea mbele usawa wa mdomo wake, weka katikati ya ulimi, bonyeza kidogo, subiri afunge mdomo mwenyewe, usimkwangulie kwenye meno ya juu. Akimeza ndo kijiko kingine. Uji mtupu haumtoshi, weka karanga zilizosagwa laini, parachichi, mafuta kijiko kimoja, dagaa waliotwangwa mpaka wakawa unga, akizoea ponda wali na mchicha uwe laini kabisa. Ikiwa hata hivyo kila mlo anakohoa, macho yanajaa machozi, sauti inakuwa kama ana maji kooni, au kumlisha kunachukua zaidi ya nusu saa kila mara, hilo liwe la kwanza kumwambia daktari, kabla ya miguu.

Turudi Pangani kwa mama mkwe. Utashangaa, simpingi wote. Hili la shimo halikuanza jana wala sio la uchawi, huko Kenya kwa Wakipsigis mama walikuwa wanachimba kashimo kadogo wanaweka nguo wanamkalisha mtoto apate kujifunza kukaa, mtafiti Mmarekani Charles Super aliliandika 1976 na akakuta watoto wale wanakaa mapema kuliko wa Marekani, maana walikuwa wanafundishwa kwa makusudi. Shimo linashika mwili, uzito unashuka kwenye miguu, mikono inabaki huru, hayo hayo sisi tunayatafuta hospitali na vifaa vya mbao. Shida ni linavyofanyika siku hizi, mtoto anafukiwa mpaka kiunoni jua la saa saba, analia, watu wazima wamekaa kivulini wanasema acha alie ndo dawa inaingia, miguu iliyokakamaa imesimama kwa vidole, na baada ya siku saba anatolewa wanasubiri atembee kama mganga alivyosema. Mchanga hauna dawa, ukiwa na kazi ni ile ya kumsimamisha, na kusimama ni kitu cha kila siku kwa miezi na miezi, sio wiki moja ufukweni.

Kwa hiyo mwambie mama mkwe kwa heshima, "mama umesema kweli anatakiwa asimamishwe, fundi seremala atatutengenezea hapa hapa nyumbani". Kuna kameza ka kusimamia, mkanda magotini na kiunoni, sahani mbele ya kuchezea, ila vipimo viwekwe na mtu wa mazoezi, fundi asikisie, na kisigino kiguse chini. Anaanza dakika tano, mnapanda mpaka nusu saa hata saa moja kwa siku kwa kugawanya. Alafu kazi ya kumsimamisha jioni umpe yeye bibi. Nakwambia hii siri kwa sababu imenisaidia nyumba nyingi, bibi akishapewa kazi yenye jina lake huwa haleti tena habari za waganga, anaanza kugombana na wewe kwamba leo mtoto hajasimamishwa.

Udata usikate. Kile kiuzi chini ya ulimi kikiwa kifupi sana kinaweza kusumbua kunyonya au baadaye matamshi ya herufi fulani, hakimzuii mtoto kuelewa wala kuwa na maneno, na wembe wa mtaani kwa mtoto anayepaliwa ni damu inayotafuta mapafu. Badala yake pima masikio. Mtoto aliyekosa hewa, au aliyepata manjano kali, au aliyechomwa zile dawa kali za wodi ya watoto wachanga, anaweza kuwa hasikii vizuri na kila mtu anasema "mzito". Kupiga makofi nyuma yake sio kipimo, anaweza kuhisi upepo au kuona kivuli. Omba upimaji, na kama Tanga haupatikani hapo ndo rufaa ya Muhimbili kule Dar au KCMC ya Moshi ina maana.

Na hiyo "ba" yake ina maana gani? Hujasema, na nataka uichunguze wiki hii. Ba ni baba, ni basi, ni bado, au ni kila kitu? Ukigundua anaitumia kwa kitu kimoja kila mara, hilo ni neno, mshangilie. Mwonyeshe vitu viwili, ndizi mkono huu kikombe mkono huu, muulize "unataka ipi?" alafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, mama wengi wanaishia kwenye tatu wanamjibia mtoto. Akitupa jicho upande mmoja mpe, kachagua. Bibi akimwongelesha Kizigua na wewe Kiswahili hakuna ubaya wowote, lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Simu ya katuni ndo uipunguze, wanashauri mtoto wa umri wake isizidi saa moja kwa siku, na huyu wako ambaye hawezi kuondoka mbele ya skrini mwenyewe ndo kabisa.

Mazoezi mara sita ukaacha, unaandika kama unakiri kosa. Sikiliza, nusu saa ya mtu wa fizio mara moja kwa wiki akimnyoosha miguu mtoto analia, wewe umekaa pembeni unashika begi, haimbadilishi mtoto kiasi hicho, hata ungeenda mara sitini. Kinachombadilisha ni yeye mwenyewe kujaribu kitu anachokitaka, mara nyingi, kila siku. Nenda mara moja kwa mwezi tu lakini uwaambie "nifundisheni mimi", omba ruhusa urekodi vidio kwenye simu, urudi nayo nyumbani. Mengine yaingize kwenye kazi unazofanya kila siku. Ukimvalisha mkalishe katikati ya miguu yako umeshika nyonga zake, sio kifua, ili kiuno chake kifanye kazi, anza na mkono wenye shida kuingiza kwenye shati. Ukimwogesha kwenye beseni hapo ndo mwili unalegea, mpe kikombe achote maji. Ukimbeba mgongoni kwa mbeleko miguu yake inatanuka kuzunguka kiuno chako, hiyo ni nzuri sana kwa nyonga na haina nauli, kuliko kumbeba mikononi kama kichanga miguu imenyooka imebanana. Vile vigari vya magurudumu vya kumfundishia mtoto kutembea ambavyo utaambiwa ununue, usinunue, Canada walivipiga marufuku kabisa 2004 kwa ajili ya ajali, na mtoto mwenye misuli iliyokaza vinamfundisha kusukuma kwa vidole tu.

Binti yako. Miaka 6 na ukorofi umeanza lini, hebu hesabu kama haukuanza hospitali zilipoanza. Nilikuwa na familia moja, dada mtu wa miaka 7 alikuwa anaficha viatu vya mama yake kila asubuhi ya kliniki, wamemchapa wee, kumbe anaamini mdogo wake hatembei kwa sababu siku moja alimsukuma kitandani. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa naye akamwambia kilichotokea. Mwambie kwa maneno mafupi, "mdogo wako alipozaliwa alikosa hewa, ubongo ukaumia, sio wewe wala sio mama, na haiambukizi". Usimgeuze yaya, usimwambie "wewe mkubwa unaelewa" kila siku, mpe dakika kumi na tano zake peke yake hata kama ni kusukwa nywele mlangoni huku mtoto kashikwa na baba. Na baba hapo kapata kazi, kulisha au kusimamisha, achague moja aimiliki, maana ukimwambia "nisaidie saidie" hatajua aanzie wapi.

La mwisho ni kiti, kwa sababu yote niliyosema ya kukaa na kula yanataka kiti na vya dukani bei yake utalia. Kuna ufundi wa maboksi na karatasi ulianzia Zimbabwe kwa mzee anaitwa Bevill Packer, unakata maboksi magumu, unayabandika tabaka juu ya tabaka na gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji, unafunika na vipande vya magazeti, unaanika juani mpaka kikauke kabisa ndani, hata wiki inaweza kupita, alafu unapaka rangi ya mafuta kisilowe mkojo. Kinabeba mtoto vizuri tu. Waombe watu wa mazoezi wakupimie kabla, kutoka matakoni mpaka nyuma ya goti, kutoka goti mpaka kisigino, upana wa nyonga, na wakuwekee kigingi kidogo katikati ya magoti kama miguu inakatana, na meza ndogo mbele ya kuegemeza viwiko. Usikitengeneze kikubwa ili "akue nacho" kama sare ya shule, kiti kikubwa anazama na kupinda, bora kimbane sawasawa leo. Maboksi ya sabuni hayafai, yanalegea, tafuta yale ya friji au televisheni, na baada ya miezi sita mpime tena.